Kukimbia kitu gani? Kusimama ndiyo kazi!

Wiki hii tunaacha habari za mlio wa injini na rimu zinazong'aa. Tunaingia chini ya gari kabisa, kwenye kitu ambacho kijiweni hakuna anayekipigia debe: breki.

Nauliza hivi. BMW M5, lile gari la milango minne linalopeleka watoto shule asubuhi na jioni likakimbizana na magari ya mbio, ukilitoa dukani vilevile lilivyo ukalipeleka uwanjani, breki zake zitastahimili? Mshikaji mmoja atakwambia, "Mzee, hiyo ni M5, breki zake ni balaa!" Mwingine atakwambia breki za kiwandani ni takataka, ng'oa zote. Hao wote nawapa alama hamsini kwa mia.

Tuanze na mzigo wenyewe. M5 ya kwanza kabisa, ya mwaka 1985, ilikuwa na kilo 1,400 na ushee na nguvu za farasi 286. Ile ya kizazi cha sita, iliyotengenezwa hadi 2023, ilitoka na farasi 600 na uzito wa zaidi ya kilo 1,850 kabla dreva hajapanda. Na hii iliyotoka 2024, yenye injini na mota ya umeme pamoja, imefika farasi 727 na kilo zaidi ya 2,400. Tangu hiyo ya kwanza, gari limenenepa na mbio zimeongezeka. Nani wa kubeba msalaba? Breki!

Maana kazi ya breki si kusimamisha gari tu. Kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, halafu kulitupa hilo joto hewani. Uzito ukiongezeka mara mbili, joto nalo mara mbili. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, joto linapanda mara nne. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Chukua ile M5 ya kizazi cha sita, na dreva wake ndani na mafuta kwenye tenki, inatoka kilomita 250 kwa saa hadi 100. Hapo ni kama sekunde nne tu. Nimepiga hesabu: ukiondoa kile kinachochukuliwa na upepo, joto linalobaki kwenye breki linatosha kuchemsha lita 10 za maji ya bomba. Sufuria zima, ndani ya sekunde nne! Jiko la mkaa hapo bado hujamaliza kulipepea. Na hiyo ni kona moja tu.

Sasa twende Ujerumani, Nürburgring, kwenye ule mzunguko wa kaskazini wanaouita Nordschleife. Una urefu wa karibu kilomita 21, kona zaidi ya 70, milima na mabonde. Ziko siku ambazo mtu yeyote mwenye gari na leseni analipa kiingilio anaingia. Ukigonga vyuma vya pembeni, bili inakuja kwako.

M5 inatoka Schwedenkreuz ikiwa kwenye mwendo wa kutisha, inabidi ikanyage breki kwa nguvu zote kuingia kona ya Aremberg. Haijapumua, inadumbukia mteremko wa Fuchsröhre, halafu breki tena kwa ajili ya Adenauer Forst. Baadaye inakuja Kallenhard, kisha mteremko wa Wehrseifen hadi bondeni Breidscheid. Huko gari lote linakusukuma chini, na breki inakanyagwa na kukanyagwa tena. Nafuu inapatikana kwenye ule mpando mrefu wa baadaye, ambako mguu unahamia kwenye mafuta na diski zinapata upepo.

Je, kiwanda kimeweka nini? Tuseme ukweli, hawakufanya masihara. Kizazi hicho cha sita kina diski za mbele zenye upana wa milimita 395, yaani karibu sentimita 40, sinia la pilau! Kila moja inabanwa na pistoni sita. Ukikanyaga mara moja barabarani mtoto akikatiza, gari linasimama kama limegonga ukuta. Raundi ya kwanza uwanjani, safi. Kwa dreva mwenye adabu, ya pili nayo safi. Kasheshe inaanza baada ya hapo, na mara nyingi si diski inayokuangusha. Wahuni ni wawili: pedi na mafuta ya breki.

Pedi za kiwandani zimetengenezwa kwa ajili ya maisha ya kawaida. Zishike asubuhi zikiwa za baridi, zisipige kelele kwenye foleni, zidumu maelfu ya kilomita. Pedi ya uwanjani ni kinyume chake: inataka joto ndipo ishike, inapiga kelele, inachafua rimu kwa vumbi, na ikiwa ya baridi inashika shingo upande. Huwezi kupata vyote viwili kwenye pedi moja. Kiwanda kikachagua kumridhisha mwenye gari anayekwenda kazini, na mimi sikilaumu. Lakini diski ikifika nyuzi 500 na zaidi, pedi ya barabarani inazidiwa. Dalili yake: unakanyaga, pedali ni ngumu kama jiwe, lakini gari linaendelea na safari zake.

Mhuni wa pili ni mbaya zaidi. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Hayasubiri kusifiwa kama mgema, yanajitia maji yenyewe! Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Joto la diski likipita kwenye pedi likafika kwenye pistoni, mafuta yanachemka na kutoa mapovu. Mapovu yanabonyea, mafuta hayabonyei. Dalili yake: pedali inakuwa laini, inazama hadi sakafuni, na wewe uko kilomita 200 kona ikikungoja. Hapo hata ungekuwa na pistoni sitini, hazikusaidii.

Wale wanaosafiri kwenda Iringa wanaijua habari hii kwa sura nyingine. Kwenye mteremko wa Kitonga, dreva wa lori mwenye akili anashuka kwa gia nzito, hakai juu ya breki. Si kwamba breki hana. Anajua zikishika moto hatakuwa nazo.

Wenye fedha watauliza, "Si kuna zile za kaboni na seramiki?" Zipo, BMW inaziuza kwa nyongeza. Kwenye hiyo M5 zinapunguza kilo 23 na zinavumilia joto vizuri kuliko za chuma. Tatizo ni kwamba uwanjani nazo zinalika, na bei ya kuzibadilisha inaweza kukutoa machozi. Ndiyo maana wapo wanaokwenda uwanjani mara kwa mara ambao wanabaki na chuma kwa hiari yao. Chuma ukikimaliza unanunua kingine, maisha yanaendelea.

Basi hukumu yangu ni hii. Breki za kiwandani za gari kama hili si mbovu hata kidogo, ila zimepewa kazi ya dakika chache na wewe unataka zifanye ya siku nzima. Anayetaka kwenda uwanjani asianze kwa kung'oa diski na kalipa. Aanze na vitu viwili vya bei nafuu: mafuta mapya ya breki yanayovumilia joto kubwa, na pedi za uwanjani, ambazo zinazoeshwa taratibu kwanza. Aangalie pia unene wa pedi kabla ya kuingia, maana pedi nyembamba inapitisha joto upesi.

Mengine ni ya mguu wako. Kanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, usiikumbatie kilomita nzima. Ule mfumo unaozuia gari lisiserereke usiuzime, lakini ujue unafanya kazi kwa kubana breki za tairi mojamoja, kwa hiyo ukiendesha kwa fujo unazichosha bila kujua. Baada ya raundi mbili tatu za moto, zunguka moja taratibu zipoe. Ukiegesha usivute hendibreki, weka gia ya kuegeshea. Na pedali ikibadilika hata kidogo, toka. Usijipe moyo kwamba utamalizia raundi, kona haina huruma na wenye moyo.

Na wewe ambaye M5 unaiona kwenye picha tu, usicheke. Hata kigari chako kina mafuta ya breki yanayonyonya maji. Mara ya mwisho uliyabadilisha lini? Kama jibu ni "tangu lishuke melini", kesho asubuhi mtafute fundi kabla hujamtafuta wa kumpigia honi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kanyaga, lakini ujue utasimama wapi!