Nyumba nyuma ya usukani
Mzungu akistaafu hufunga nyumba ya magurudumu nyuma ya gari na kuzurura nchi nzima, starehe tupu. Mtu wetu wa aina hiyo yuko Tinde, saa mbili usiku, na wala hayuko likizo. Hapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika: kulia Shinyanga na Mwanza, kushoto Isaka, Kahama, Ushirombo hadi mpakani Rusumo, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 tangu Dar es Salaam. Dereva wa semi-trela hulala kwenye kitanda chembamba nyuma ya usukani. Utingo hufungua sanduku la chuma ubavuni mwa trela, akatoa jiko, sufuria iliyopiga masizi na dumu la maji, ugali ukasongwa palepale kando ya matairi. Uzito wa gari lao tunaufuatilia kweli kweli: sheria ya Afrika Mashariki inataka lisizidi tani 56, na mizani hailali. Choo chao je? Vichakani, na wenye mashamba wananuna, kwa haki kabisa. Lakini dizeli, chakula na vocha wananunua kwetu. Basi halmashauri za njia hii, kuanzia Kahama hadi Bukombe, zijenge maegesho yenye taa, bafu na vyoo, na ada watozwe.