Talaka Huku, Mali Ng'ambo

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya London ilimwamuru tajiri Farkhad Akhmedov, aliyewahi kuwa seneta wa Urusi, amlipe mtalaka wake pauni milioni 453. Hakulipa. Miongoni mwa mali iliyoandamwa ni boti ya fahari iitwayo Luna, yenye urefu wa mita 115. Mwaka 2018 ilizuiwa Dubai. Mwaka 2019 mahakama za huko huko zikaiachia. Shauri liliishia kwenye suluhu mwaka 2021, kwa takriban theluthi ya fedha zile.

Mtu atauliza, ya matajiri yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Nani katika pwani yetu asiye na jamaa Maskati, Dubai au London? Mume ana nyumba ya kupangisha ughaibuni, mke yupo Unguja na watoto. Talaka ikipita, Kadhi huamua juu ya mahari iliyosalia, matumizi ya eda na ya watoto. Lakini hukumu yake haina miguu ya kuvuka bahari. Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Mahakama huweza kumbana mtu aliye mbele yake, si kiwanja kilicho chini ya dola nyingine. Ili hukumu itekelezwe kule, pawepo mapatano baina ya nchi mbili, ama mdai aanze shauri jipya palipo na mali.

Uingereza imeacha mlango: sheria yake ya mwaka 1984 humruhusu aliyeachwa nchi za nje, mwenye uhusiano wa kutosha na nchi ile, kuomba fungu kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko ilimthibitishia mwanamke aliyetalikiwa Nigeria pauni 275,000.

Wako watakaosema mafungu kama hayo yanapita mipaka ya sharia. Hilo lina mjadala wake. Lakini mahari iliyoahirishwa ni deni shingoni mwa mume, hulipwa hata kabla ya warithi wake kugawana; na Suratul Baqarah imewawekea walioachwa kiliwazo. Anayehamishia hati ya nyumba kwa nduguye usiku wa kuamkia talaka hatetei sharia, anakimbia deni.

Basi wazee wanaomwozesha binti yao kwa kijana wa ughaibuni waandikishe mahari kwa kiasi na sarafu, na binti ahifadhi nakala za hati za mali. Talaka ikitoka, karatasi zitafsiriwe na kuthibitishwa upesi, kabla mali haijabadilishwa jina.