Kabla ya madawati, tuzungumzie bodi

Na Rehema Mbwilo

Picha ni ile ile kila mara. Hundi ya mfano ndefu kuliko meza, madawati yamepangwa uwanjani yakiwa na nembo ya kampuni, mkuu wa wilaya ndiye mgeni rasmi, na katikati yumo mkurugenzi mtendaji akieleza namna kampuni yake inavyorudisha kwa jamii. Madawati ni kitu chema. Mwaka 2016, nchi nzima ilipohimizwa kuyachangia, kampuni nyingi zilitoa, na watoto waliokuwa wakiandikia sakafuni wakapata pa kukaa. Mzazi gani atalalamika? Ila bosi yule anapomaliza hotuba, sisi wenye kalamu tunapiga makofi na kuondoka bila kumuuliza swali lenye uzito kuliko yote: ndani ya kampuni yako, nani anaweza kukukatalia jambo?

Yaliyotokea Imperial Bank ya Kenya yalipaswa kutufundisha kuuliza hivyo. Mkurugenzi wake mkuu, Abdulmalek Janmohamed, alifariki Septemba 2015. Baada ya msiba ndipo wajumbe wa bodi walipokwenda Benki Kuu kueleza kwamba mambo ndani ya benki hayakuwa sawa, na tarehe 13 Oktoba benki ikawekwa chini ya usimamizi. Muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa imekusanya shilingi bilioni 2 za Kenya kwa kuuza hatifungani. Bodi ilikuwepo miaka yote hiyo. Wakaguzi wa hesabu walikuwepo. Mdhibiti alikuwepo. Hata hivyo, ilibidi mtu mmoja afariki ndipo wengine wazungumze, na walioumia ni wenye amana: mfanyabiashara aliyeweka humo fedha za mishahara ya watu wake, mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake.

Kenya hiyo hiyo imetupa pia mfano wa kuigwa. Bob Collymore, aliyeiongoza kampuni ya simu ya Safaricom kuanzia 2010 hadi alipofariki Julai 2019, alitangaza mali zake hadharani mwaka 2015 ilhali hakuna sheria iliyomlazimisha mkuu wa kampuni kufanya hivyo. Lakini kwangu mimi, uzito mkubwa upo kwenye jambo lililozungumzwa kidogo. Chini yake, kampuni ilichapisha katika ripoti zake za mwaka idadi ya wafanyakazi waliofukuzwa kwa udanganyifu, na ikawataka wazabuni wake watie saini kanuni za maadili. Hebu fikiria mkuu wa kitengo cha masoko anavyoipokea habari hiyo! Takwimu ya wezi wa ndani haipendezeshi ripoti, wala mgeni rasmi haalikwi kuizindua. Inachapishwa pale tu mwenye kiti cha juu anapoamua kwamba aibu ya leo ni nafuu kuliko kuficha. Uamuzi wa namna hiyo unamfikia hata karani wa manunuzi, kwa sababu anajua akikamatwa hatafichiwa.

Hapa Tanzania tumepiga hatua kwenye migodi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka kifungu cha 105, kinachomtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo husika. Meneja wa mgodi hachagui tena peke yake kati ya zahanati na uwanja wa mpira. Nauunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote, ingawa nao unahitaji madiwani wasiokubali kila wanacholetewa. Tatizo ni kwamba unagusa kinachotolewa nje tu. Hausemi lolote kuhusu bosi kumteua rafiki yake aongoze kamati ya ukaguzi, wala kuhusu mzabuni mdogo anayesotea malipo ya vyakula alivyopeleka kantini miezi kadhaa iliyopita. Kampuni inayomcheleweshea mzabuni huyo fedha zake huku ikijenga darasa kijijini kwake inamsaidia kwa mkono mmoja na kumkopa kwa nguvu kwa mkono mwingine.

Wanahisa wana nafasi ya kuyabadili haya, nao hawaitumii. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka maswali mengi ni ya gawio. Waulize pia bonasi ya mkurugenzi mtendaji inapimwa kwa kigezo gani. Kama ni faida peke yake, mnategemeaje ajali za kazini na madeni ya wazabuni vimkoseshe usingizi? Waulize fedha za misaada zinaidhinishwa na kamati ya bodi au zinatoka ofisini kwa bosi, kwenda wilaya anayotoka. Mifuko yetu ya hifadhi ya jamii ina hisa katika kampuni kadhaa kubwa, kwa hiyo fedha za wafanyakazi wa nchi hii zimo ndani ya vyumba hivyo vya mikutano. Wawakilishi wa mifuko hiyo wawe wa kwanza kunyoosha mkono, na majibu watakayopewa yaandikwe kwenye muhtasari ambao mwanachama yeyote anaweza kuuomba na kuusoma.