Safari yangu haikuwa ya kuona simba

Nimerudi chuo juzi, asanteni sana kwa pole zenu.

Kabla sijaondoka niliandika barua ya ruhusa kwa Kiingereza, nikaweka neno "safari", si lipo kwenye kamusi yao? Jamaa wa ofisini akacheka: "Kwani unaenda kuona simba?" Nilikuwa naenda kumzika bibi.

Ikaniuma, nikaanza kulichimba neno. Sisi tulilitoa kwenye Kiarabu, safar, na maana haikuhama: mwendo, uwe wa Morogoro au wa Makka. Waingereza wakalipata kwetu karne ya 19. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 na wapagazi wake, ni miongoni mwa waliolitia kwenye vitabu vyao, na hapo bado ulikuwa msafara tu. Wakaja wawindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alishuka Mombasa, yeye na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya 500! Baadaye kamera, hoteli za mahema, hadi suti za safari.

Mzungu alitumie atakavyo, na sisi "meza" tuliichukua kwa Wareno. Ila Mswahili mwenzangu kunisahihisha kwa maana ya mtalii, hapana jamani.

Tena kuna "safari hii" yetu, yaani mara hii, ambayo hawajaichukua. Bibi kila nikipanda basi alisimama barabarani: "Safari njema, mjukuu wangu." Safari hii sikuambiwa na mtu.