Mizinga Haikujibeba

Banda la gemu liko hatua chache kutoka stendi ya Kibiti, kati ya fundi simu na mama anayeuza chapati. Runinga mbili, benchi la mbao, feni moja inayopepea mashine kuliko inavyopepea watu. Desemba iliyopita nilimfuata pale mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyeko kidato cha tatu. Wenzake walikuwa kwenye mpira. Yeye alikuwa Italia, mlimani, mwaka 1918, akimimina risasi ndani ya Battlefield 1.

Alipouawa kwa mara ya tatu aliweka padi mapajani, akanigeukia.

"Kaka, hii si ndiyo Vita ya Kwanza ya Dunia? Sisi mbona hatumo?"

Alikuwa ameshazunguka kote. Ufaransa ipo. Italia ipo. Jangwa la Sinai lipo, mfereji wa Suez upo, hata mto Volga upo. Afrika Mashariki, ambako vita ile ilipiganwa kuanzia Agosti 1914 mpaka Novemba 1918, haina hata uwanja mmoja.

Jibu rahisi nilikuwa nalo: hatumo kwa sababu waliotengeneza hawatujui. Ndilo jibu tunalolitoa sisi tuliosoma, na baada yake huja dai: tuwekeni. Wekeni delta ya Rufiji, wekeni manowari, wekeni mikoko na mamba. Nami nimewahi kulidai hilo kwa sauti kubwa, bando likiwa limejaa. Leo nalipinga. Kwa kanuni za gemu hizi zilivyo, heri tusiwekwe.

Nianze na kisa chenyewe, maana ni kisa ambacho mtengeneza gemu yeyote angekililia.

Juni 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliingia Dar es Salaam chini ya nahodha Max Looff. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105 na mabomba matatu ya moshi, na watu wa pwani wakaiita manowari ya bomba tatu. Vita vilipoanza ilikamata meli ya mizigo ya Waingereza karibu na pwani ya Omani. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaivizia manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika, ikarudi kujificha ndani ya delta ya Rufiji, maeneo ya Salale.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Manowari zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji machache ya delta. Wakaizamisha meli ya makaa, Newbridge, ili kuziba njia. Wakaleta ndege. Januari 1915 wakaiteka Mafia. Mwisho wakavuta kutoka Malta meli mbili, Severn na Mersey, zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, zenye uwezo wa kuelea kwenye maji machache ya mito. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni, zikashindwa. Tarehe 11 zikarudi, ndege ikiwa juu inaonyesha makombora yanaangukia wapi, na siku hiyo Königsberg ikaisha. Wajerumani wenyewe wakailipua isitekwe.

Tamu, sivyo? Ndiyo maana imeandikiwa vitabu na vitabu. Wilbur Smith aliitumia kama mbegu ya riwaya, na mwaka 1976 ikatoka filamu ambamo Lee Marvin na Roger Moore wanahangaika na manowari ya Kijerumani iliyojificha mtoni. Na ukifungua World of Warships utaikuta meli yenye jina Königsberg. Mdogo wangu aliichangamkia nilipomwambia. Lakini siyo yenyewe. Ile ni nyingine yenye jina hilohilo, iliyoshushwa majini mwaka 1927 na kuzamishwa Bergen, Norway, mwaka 1940.

Sasa wasikilize wanaojiita wapenzi wa uhalisia. Watu hawa hugombana siku tatu kuhusu unene wa chuma ubavuni mwa meli. Kosea bunduki ya mwaka 1916 uiweke mwaka 1914, watakutukana hadi ukoo. Mimi nawauliza swali moja tu: mitambo ya Königsberg ilipoharibika, ilitengenezwa wapi?

Ilitengenezwa Dar es Salaam. Vipande vya mitambo vilifunguliwa, vikavutwa nchi kavu, zaidi ya kilomita mia moja, kupita porini na kwenye matope, hadi karakana za mjini. Vikatengenezwa, vikavutwa tena kurudi mtoni. Havikuvutwa na treni, kwa kuwa reli haikufika huku. Vilivutwa na watu, kwa kamba. Na meli ilipokwisha kulipuliwa, mizinga yake kumi iliopolewa, kila mmoja ukiwa na uzito wa zaidi ya tani moja, ikakokotwa nayo ikatengenezwe. Baadaye jeshi la Lettow-Vorbeck lilitembea nayo bara na pwani.

Mizinga haikujibeba. Katika gemu, mzinga huonekana pale unapohitajika. Unabonyeza, upo. Huo ndio uongo ninaoukataa, na hauhusiani na kuwekwa au kutowekwa kwetu. Ni uongo kuhusu vita yenyewe. Ukiwatoa wabebaji, hujapunguza pambo lolote. Umetoa injini, halafu unatuonyesha gari linakwenda.

Pale kwenye benchi nilimwambia mdogo wangu atoe daftari, tutengeneze gemu yetu. Kanuni nne tu. Mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku. Kambi ya askari iko mwendo wa siku kumi. Na lazima arudi.

Akapiga hesabu. Siku kumi kwenda, siku kumi kurudi, mpagazi anakula kilo 20. Zinazofika kambini ni tano.

"Tano tu?"

Tano tu. Na askari mmoja, kwa siku hizo ishirini, anataka kilo 20. Kwa hiyo nyuma ya askari mmoja kuna wapagazi wanne wa kumletea unga peke yake. Bado risasi, bado dawa, bado mahema, bado viti vya maofisa.

"Sasa wewe ndiye kamanda," nikamwambia. "Askari wako wana njaa na huna wapagazi wa kuongeza. Unafanya nini?"

Hakufikiri sana. Ana akili ya gemu, anajua kutafuta mwanya. Akafuta kilo moja, akaandika nusu. Mpagazi akila nusu kilo kwa siku, anamaliza kilo kumi, na zinazofika ni kumi na tano. Mara tatu ya mwanzo! Akatabasamu kama aliyefunga goli. Halafu akaiangalia ile nusu.

"Ila hawa si watakufa?"

Walikufa. Kwa upande wa Waingereza peke yao, watu wapatao milioni moja waliingizwa katika ubebaji, na makadirio ya waliokufa ni kama 95,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, wengine kwa unga wasiouzoea ambao hawakupewa muda wa kuupika ukaiva. Mwanzoni mwa 1917, vita vilipofika tena Rufiji, mto ukafurika na chakula kikakatika njiani, hata askari wenyewe wakala nusu. Fikiria basi aliyewabebea. Kwa upande wa Wajerumani hesabu ya kueleweka haipo, maana mtu aliyetolewa shambani kwa nguvu hakuandikwa popote.

Najua utakalosema. Gemu ni gemu, na nani atacheza gemu ya kubeba mizigo? Mamilioni wameshaicheza. Inaitwa Death Stranding, ilitoka mwaka 2019, na kazi yako humo ni kubeba mizigo mgongoni kwa miguu, kupanda mawe na kuvuka mito bila kuanguka. Nani atacheza vita bila kuwa askari? This War of Mine, iliyotengenezwa Poland mwaka 2014, inakufanya raia ndani ya mji uliozingirwa, ukichagua nani ale leo na nani alale njaa. Mwaka 2020 serikali ya Poland ikaiingiza katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Ufundi upo, na wachezaji wapo. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba mtu aliyebeba ni sehemu ya vita.

Kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uchungu? Kwa sababu najua maana ya kutoka mahali panapoonekana kama pori lisilo na watu.

Soma maelezo ya mabaharia wa 1915 kuhusu delta: mikoko, mbu, mamba, joto. Utadhani mikoko ilikuwa inajikata. Watu walikuwepo, Wandengereko na Wanyagatwa, wanalima mpunga kwenye matope yaleyale, wanakata boriti zinazosafiri kwa majahazi hadi Arabuni. Na walikuwa wameshakiona cha moto. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, kusini mwa mto huuhuu, na vita vya Maji Maji vikateketeza nchi. Desemba ya mwaka uleule, huko Kiel, Ujerumani, meli mpya ilishushwa majini. Ndiyo Königsberg. Kijana wa Rufiji aliyeokoka moto wa 1905 alikuwa mtu mzima mwenye nguvu za kuvuta kamba mwaka 1915. Gemu gani inayojiita ya kihistoria inaweza kuifahamu meli ile bila kumfahamu huyo?

Karne moja baadaye macho ni yaleyale. Mwaka 2017 nilikuwa chuo, na nikisema natokea Kibiti mtu anarudi nyuma nusu hatua, anacheka kidogo: kule kwa wauaji? Aprili mwaka huo polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Na zipo familia ambazo mpaka leo zinauliza ndugu zao walipelekwa wapi. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiandika mauaji hayo, alitoweka Novemba 2017. Mjini, yote hayo yalikuwa "matukio ya Kibiti", kana kwamba pori ndilo lililotenda na pori ndilo lililotendwa. Mahali pakishazoeleka kuwa uwanja wa vita, kuhesabu watu wake huonekana uchokozi.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuombe Rufiji iwekwe kwenye gemu kama uwanja, namwona anaomba tufanywe mikoko kwa mara ya pili. Watatuwekea mandhari nzuri, machweo mazuri, mamba wanaopumua. Mchezaji wa Ohio atapita juu yetu akitafuta meli.

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya wazungu. Mabaki ya meli ile yalikatwa chuma chakavu miaka ya 1960, nchi ikiwa yetu. Ukitaka kuuona mzinga wake leo, nenda Fort Jesus, Mombasa, au nenda Pretoria. Mzinga una makumbusho. Wabebaji wana nini? Wana Kariakoo, jina lililobaki kutoka kambi ya jeshi la wapagazi, Carrier Corps kwa lugha ya wenyewe. Kila siku tunakwenda kununua viatu juu ya jina lao, na wengi tuliomaliza vyuo vikuu hatujui. Sasa tunamlaumu kijana wa Stockholm aliyebuni Battlefield kwa kutojua?

Ninachodai nakidai kwetu, ninyi mnaojifunza kuandika programu na kuchora kwa kompyuta mkiwa Sayansi, Mwenge na Mbagala. Gemu ya kwanza ya Rufiji isianze na mzinga. Ianze na kamba, na unga, na kitufe cha kupunguza posho ambacho kila kamanda atashawishika kukibonyeza, kisha imwonyeshe aliyelala njiani ni nani. Isipouzwa, basi. Angalau haitakuwa imedanganya.

Jioni ile mimi na mdogo wangu tulirudi kwa bibi. Alimwuliza kama amewahi kusikia habari za manowari ya bomba tatu. Bibi alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema ya meli haijui. Anajua kwamba kaka wa babu yake alichukuliwa. Hakusema alikwenda vitani, wala kwamba alipigana. Alichukuliwa.

"Akarudi, bibi?"

"Angerudi si ungemjua jina?"