Kamusi ya Nuru

Wapo watakaouliza mwalimu wa isimu anatafuta nini angani. Natafuta kusoma. Nuru ya sayari ikichambuliwa kwa chombo maalumu, hutandazwa kama upinde wa mvua uliokatwakatwa na mistari ya giza. Hayo ni maandishi, na maandishi yasiyo na kamusi ni michoro tu.

Mapema katika karne ya 20, V. M. Slipher wa kituo cha Lowell, Marekani, alipiga picha za nuru ya Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Mikanda mipana ya giza aliyoiona ilikaa bila jina kwa zaidi ya miaka 20. Darubini zilikuwapo, kilichokosekana ni ulinganisho. Mnamo 1932, Mjerumani Rupert Wildt aliilinganisha mikanda ya Mshtarii na vipimo vya maabara, akatambua amonia na methani. Naam, methani, ile ile wanayopikia wafugaji wetu wenye mitambo ya samadi! Ndiyo imezayo nuru nyekundu na kuiachia Uranusi rangi yake ya samawati.

Hapa ndipo ninapowalaumu baadhi ya walimu wenzangu. Mwanafunzi hukaririshwa kwamba Neptuni ina methani. Akiuliza tumejuaje, hutajiwa Voyager 2, kilichopita huko mwaka 1989, na mjadala hufungwa. Maabara haitajwi kamwe. Ilhali methani ina maelfu ya mistari iliyosongamana, na nguvu ya kila mstari hubadilika kulingana na joto la gesi. Vipimo vya joto la chumba havitoshi kuisomea Neptuni, ambako baridi ya anga ya juu hupita nyuzi 200 chini ya sufuri. Hivyo mtafiti huipoza gesi katika shinikizo dogo, isije ikageuka kuwa kimiminika, na huirudisharudisha nuru baina ya vioo ili isafiri mwendo mrefu ndani ya bomba fupi. Akikosea, msomaji wa Neptuni atakosea kiasi cha gesi na hata kina cha mawingu.

Kazi hii haina picha za kupamba magazeti. Hata hivyo, chanzo chake kimo katika shule yoyote yenye mwali na chumvi ya meza: chumvi ikitiwa motoni, mwali hugeuka manjano. Wakati wanafunzi wangali wameukodolea macho mwali huo, mwalimu na awaulize methani ya Neptuni ilijulikanaje, kisha anyamaze kidogo awasikilize.