Mazungumzo ya Nyumbani: Kijiji Kisicho na Nyumba

Mwezi huu twapenda kuwapeleka Marekani, katika jangwa la Arizona, kwenye mji mdogo uitwao Quartzsite. Wenyeji wake walipohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 2,400 na kidogo. Lakini ikija baridi ya kaskazini, maelfu ya watu hufika na magari ya nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, wakapiga kambi jangwani. Wengi wao ni wazee waliokwisha kustaafu. Wamarekani huwaita ndege wa theluji, kwa kuwa huihama baridi kama ndege wahamavyo.

Labda mtu atasema, "Hao wamechoka na majirani, ndiyo maana wamekimbilia jangwani." Sivyo. Katika viwanja vya La Posa, ambavyo serikali huwapa wakaao muda mrefu tangu tarehe 15 Septemba hata 15 Aprili, hapana bomba wala waya wa umeme penye gari lako. Maji huna budi kwenda kuyateka, na maji machafu kuyapeleka mahali palipoamriwa. Umeme wautoa katika jua. Sheria yataka gari na gari yaachane futi 15, na mashine za umeme zinyamaze tangu saa nne ya usiku hata saa kumi na mbili asubuhi. Basi mgeni atafundishwa na nani mambo hayo, ila jirani?

Jangwa lilikuwa hivyo tangu zamani. Huko Quartzsite liko kaburi la Haji Ali, mtu wa milki ya Waturuki, aliyefika Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi. Jeshi lilikuwa na mali na silaha, lakini lilimhitaji mtu ajuaye ngamia. Alifariki mwaka 1902, na juu ya kaburi lake pana piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni.

Kwa sababu hiyo wenye magari ya nyumba hujiunga katika vyama. Kimoja kijulikanacho sana ni Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joe Peterson na mkewe Kay. Wanachama wake husalimiana kwa kukumbatiana. Ajiungaye na mkutano wa namna hiyo na achukue kiti chake mwenyewe, aulize kabla ya kuegesha, asikilize kwanza penye moto wa jioni. Kisha akumbuke methali yetu: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asiyejua kutengeneza mashine aweza kumtekea maji mzee asiyeweza kuinua ndoo.

Lakini twauliza: mtu asiye na nyumba akiugua, atakwenda wapi? Watoto wako mbali, na mikono itetemekayo haiwezi kushika usukani. Akiliuza gari, apoteza nyumba na rafiki kwa siku moja. Wana Escapees waliliona jambo hilo, wakajenga mahali huko Livingston, katika Texas, ili mwanachama mgonjwa aegeshe gari lake, alale katika kitanda chake mwenyewe, na huku apate chakula na watu wa kumwangalia. Hapo ndipo tunapojua ya kuwa chama chao si cha matembezi tu.

Watu hao hawana ukoo mmoja wala kijiji kimoja, nao wamepata ujirani kwa kuutafuta. Sisi tumeupata bila kuutafuta, maana nyumba zetu zimepakana tangu babu zetu. Basi jioni ya leo, mkiisha kula, ulizaneni: ni mzee gani jirani yetu ambaye hatujui jana alitekewa maji na nani?